Nyuki wa Pili Hakujui

Nilipokuwa na miaka 9, babu alinichukua tukatazame mizinga yake chini ya kilima cha Kiang'ombe, kile unachokiona vizuri ukisimama Siakago asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Mizinga ilikuwa ya gogo, imetundikwa kwenye migunga kwa waya. Mchana si wakati wa kurina asali. Babu alitaka tu kujua ni mingapi imeingiwa na nyuki. Mimi nikasogea karibu kuliko nilivyoruhusiwa. Nyuki mmoja akanichoma mkononi.

Nikampiga kofi. Akaanguka, lakini mwiba wake ukabaki kwenye ngozi, na kifuko kidogo cha sumu kilichoning'inia nyuma yake kikawa kinapwita chenyewe. Babu akaukwangua kwa ukucha, akanivuta tukakimbia. Hata hivyo wengine walikuwa wamekwisha fika: mmoja shingoni, mmoja sikioni, na watatu palepale mkononi, kando ya ule wa kwanza.

Tulipopata pa kupumzika nikalia, nikamwambia, "Babu, niliyempiga ni mmoja. Hawa wengine nimewakosea nini?"

"Nusa mkono wako," akasema.

Nikanusa. Ulinukia kama ndizi mbivu.

"Hiyo ni harufu ya mwiba. Nyuki wa kwanza ndiye aliyekujua wewe, mjukuu wangu. Wa pili hakujui. Yeye anajua mwiba wa mwenzake tu. Akiukuta kwako atachoma, akiukuta kwa mbwa atachoma, akiukuta kwa punda atachoma."

Miaka mingi baadaye nikiwa na koti jeupe la maabara, mwalimu akaanza kutufundisha habari ya kingamwili ya kwanza na kingamwili ya pili. Wenzangu walikuna vichwa. Mimi nilisikia harufu ya ndizi. Basi wewe unayesoma, nataka nikueleze kazi hiyo taratibu kwa sababu ni nzuri sana, na mtu akiikosa mwanzo huishia kukariri tu.

Katika damu yako, sasa hivi, zinaelea protini ziitwazo kingamwili. Chora herufi Y kwenye kiganja chako: mikono miwili juu, mkia mmoja chini. Hilo ndilo umbo la ile iliyo nyingi zaidi kwenye damu. Ni ndogo mno. Ukizipanga mstari mmoja, zitahitajika maelfu ili zienee unene wa unywele wako mmoja.

Ncha za ile mikono ndizo zinazoshika, na kila aina ya kingamwili hushika kitu chake. Ulipochanjwa surua ukiwa na miezi 9, kisha miezi 18, mwili wako ulijifunza kutengeneza kingamwili zinazoshika virusi vya surua. Kingamwili za surua hazijui pepopunda, na za pepopunda hazina habari na surua.

Mkia ni habari nyingine. Kingamwili yako ya surua na kingamwili yako ya pepopunda, zikiwa za kundi moja, zina mkia wa namna moja: mkia wa binadamu. Za sungura zina mkia wa sungura, za mbuzi mkia wa mbuzi. Mikono hutofautiana kwa sababu ya adui inayemshika. Mkia hutaja mwenye damu. Ushike vizuri huo mkia, maana hadithi yote imefungwa hapo.

Sasa tushuke pwani kidogo. Mgonjwa wa kwanza wa Uviko alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020. Baada ya wiki chache likazuka swali gumu: wanaohesabiwa hospitalini ni wale waliopimwa, je, wangapi wameambukizwa wakapona bila hata kujua? Virusi vikishaondoka mwilini, kipimo cha kutafuta virusi hakiwezi kukwambia. Lakini kingamwili hubaki, kama nyayo za mnyama aliyepita usiku.

Watafiti wa mpango wa utafiti wa Kemri na Wellcome walioko Kilifi, huko pwani, wakaenda kwenye damu iliyokuwa tayari imetolewa kwa hiari. Walipima damu ya wachangiaji 3,098, iliyokusanywa kati ya tarehe 30 Aprili na 16 Juni 2020. Njia waliyotumia inaitwa elisa. Ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 na Eva Engvall na Peter Perlmann, wakiwa Stockholm, Uswidi, na leo ni vigumu kukuta maabara kubwa ya magonjwa isiyoijua.

Nitakusimulia hatua zake kama zinavyofanywa mahali pengi. Unachukua kisahani cha plastiki kinachoenea kiganjani. Kina vishimo 96, safu 8 kwa 12. Bao la kete lina mashimo 32, kwa hiyo kisahani kimoja ni mabao matatu kamili. Kila kishimo unakimwagia protini ya yule unayemtafuta. Kwa Uviko, ni zile protini zinazochomoza nje ya virusi na kuvifanya vionekane kama vimevaa taji. Unakiacha kisahani kwenye friji usiku kucha, protini zinanata kwenye plastiki.

Plastiki haina akili. Popote palipobaki wazi, itanata na chochote kitakachopita, hata kile usichokitaka. Kwa hiyo unaziba sehemu zilizobaki kwa protini nyingine isiyo na madhara, na mara nyingi watu hutumia maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta. Ndiyo, maziwa ya kawaida. Yakumbuke hayo maziwa, yatarudi kunitesa.

Kisha unatia majimaji ya damu ya mtu, yale yanayobaki juu ukitoa chembe zake, yakiwa yamezimuliwa mara mia au zaidi. Kama mtu huyo aliwahi kukutana na virusi, kingamwili zake zitazishika zile protini za chini na kung'ang'ania. Kama hakuwahi, hakuna cha kushika. Unaosha mara tatu, nne, tano, kwa maji ya chumvi yenye sabuni kidogo. Kisichoshika kinaondoka.

Sasa inama ukitazame kisahani. Kishimo cha aliyeambukizwa na cha asiyeambukizwa viko sawasawa: vyeupe kama maji ya mvua. Nyuki wa kwanza amekwisha choma, mwiba umo ndani, na wewe huoni kitu.

Hapo ndipo anapoitwa nyuki wa pili.

Kingamwili ya pili imetoka kwa mnyama mwingine. Haijui Uviko wala haijawahi kuusikia. Kinachojulikana nayo ni kimoja: mkia wa kingamwili ya binadamu. Itapita kwenye vishimo vyote 96, na pale itakapokuta mkia wa binadamu umesimama, itaushika. Mgongoni imebebeshwa kimeng'enya, na kinachopendwa sana maabara hutolewa kwenye mzizi mmoja mkali ambao Wazungu huukwaruza na kuula na nyama, mkali wa kupanda puani kama haradali. Unaosha tena. Unatia maji yasiyo na rangi yaliyotengenezwa ili kimeng'enya hicho kiyabadilishe.

Unasubiri. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Kisha, ukiwa makini, unaona kishimo kimoja kinaingiwa na rangi ya buluu, kama tone la bulu ya kufulia lililoanguka kwenye ndoo. Kingine kinafuata. Vingine vinabaki vyeupe hata ukivikodolea macho. Baada ya dakika kumi hivi unatia asidi kusimamisha kazi, na buluu yote inageuka njano kwa kufumba na kufumbua. Nimeyaona mageuzi hayo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na bado huwa naacha kuongea yanapotokea.

Kilifi walipata 174 kati ya wale 3,098. Walipokwisha kusahihisha hesabu kwa umri, jinsia, mahali na mipaka ya kipimo chenyewe, wakakadiria kuwa asilimia 4.3 ya watu wa umri wa wachangiaji damu nchini walikuwa wamekwisha kuambukizwa. Hesabu rasmi ya wagonjwa wakati huo ilikuwa bado ya elfu chache. Nyayo zilikuwa za kundi kubwa kuliko lililoonekana, na aliyezionyesha ni kingamwili ya pili ambayo Uviko haiujui.

Labda sasa unauliza, kama binti wa dada yangu alivyoniuliza: kwa nini msibandike hicho kimeng'enya kwenye kingamwili ya kwanza, mkamaliza?

Kwanza, katika kipimo kama hiki kingamwili ya kwanza ni ya mgonjwa mwenyewe. Imetoka mkononi mwake. Huwezi kuitoa moja moja kwenye damu ya kila mtu na kuibandika rangi; utazeeka hapo mezani. Pili, chupa moja ya kingamwili inayojua mkia wa binadamu inafaa kila mahali. Leo unatafuta Uviko, kesho homa ya ini, kesho kutwa brusela. Unabadilisha protini uliyonatisha chini. Chupa ya juu ni ileile. Kwa maabara isiyo na fedha nyingi, na zetu nyingi ziko hivyo, hilo ni jambo kubwa. Kutojua kwake ndiko kunakoifanya ifae kwa wote.

Na tatu ni ile iliyonipata chini ya Kiang'ombe. Alinichoma mmoja mkononi, wakafuata watatu palepale. Juu ya kingamwili moja ya kwanza zinaweza kutua za pili mbili, tatu au zaidi, kila moja na kimeng'enya chake, na kila kimeng'enya kinageuza maelfu ya chembe za rangi. Jambo dogo lisiloonekana linakuzwa hadi jicho lako likaliona.

Hila hii ya kumtuma wa pili ina hadithi yake ya vita. Mwaka 1945, huko Uingereza, daktari wa mifugo aitwaye Robin Coombs alikuwa akihangaika na damu ya akina mama. Kuna mama ambaye damu yake hutengeneza kingamwili dhidi ya damu ya mtoto aliye tumboni. Kingamwili hizo zinazishika chembe nyekundu za mtoto na kuziharibu, lakini ukizichanganya na chembe kwenye bomba la maabara, hazigandani. Zimeshika, na huoni dalili. Inasemekana fikra ilimjia akiwa ndani ya treni ya kwenda Cambridge usiku, taa zikiwa hafifu kwa sababu ya vita: kama hizi ni protini za binadamu zilizokaa juu ya chembe, basi tafuta kingamwili inayozijua protini za binadamu. Wakamtumia sungura. Kingamwili za sungura zikashika mikia iliyosimama juu ya chembe moja na ya jirani yake, zikazivuta pamoja, na mabonge yakaonekana kwa macho matupu.

Coombs na wenzake wawili, Arthur Mourant na Robert Race, walichapisha kazi hiyo mwaka huohuo. Kipimo cha Coombs kiko hai hadi leo. Mtu anapoandaliwa damu ya kuongezewa, au mtoto mchanga anapokuwa na manjano yasiyoeleweka, yule sungura wa 1945 bado anaitwa kazini.

Nimetaja sungura, lakini ukweli ni kwamba mfalme wa kazi hii ni mbuzi. Ukifungua friji ya maabara nyingi duniani, kwenye vichupa utasoma maneno ambayo mtoto wa Siakago angeyacheka: "Mbuzi dhidi ya sungura." "Mbuzi dhidi ya panya." "Mbuzi dhidi ya binadamu." Neno la kwanza ni mnyama aliyeitengeneza kingamwili hiyo; la mwisho ni mwenye mkia inaoujua.

Hutengenezwa hivi. Unachukua kingamwili safi za sungura, kiasi kidogo, ukamdunga mbuzi. Mwili wa mbuzi unazikagua na kusema: hizi si zetu. Unaanza kutengeneza kingamwili dhidi yake, kama wewe ulivyotengeneza dhidi ya surua. Baada ya wiki kadhaa unamdunga tena, kumkumbusha. Kisha unachukua damu kidogo kwenye mshipa wa shingo, mahali palepale mganga wa mifugo anapochukulia akija nyumbani kwenu. Katika damu hiyo mna kingamwili za kila namna, maana mbuzi ameishi na amekutana na mengi. Zitakiwazo huchujwa kwa kupitishwa kwenye mrija uliojazwa vipunje vilivyobandikwa kingamwili za sungura. Zinazomjua sungura zinashika na kubaki. Nyingine zinapita zao. Unatia asidi kidogo, zilizobaki zinaachia, unazikinga.

Mbuzi ana damu nyingi kuliko sungura, anavumilia, na si mgumu kumtunza. Lakini simpendi mtu anayesema habari ya mbuzi huyu kana kwamba ni kiwanda. Mwaka 2016 kampuni moja kubwa ya kingamwili huko California ilikubali kulipa faini ya dola milioni 3.5 na kupoteza leseni yake ya wanyama, baada ya wizara ya kilimo ya Marekani kuishtaki kwa namna ilivyotunza mbuzi na sungura wake. Sisi tuliokua tukichunga mbuzi tunajua macho ya mbuzi mwenye maumivu. Kila tone la buluu nililoliona, kuna mnyama aliyelichangia, na anastahili majani, kivuli na mganga.

Sasa maziwa.

Nilikuwa mgeni kazini. Nilipewa kipimo ambacho kingamwili yake ya kwanza ilitengenezwa na mbuzi, kwa hiyo ya pili ilibidi ijue mkia wa mbuzi. Mbuzi hawezi kutengeneza kingamwili dhidi ya mbuzi, mwili wake ungesema hizi ni zangu. Basi ya pili ilitoka kwa punda: "Punda dhidi ya mbuzi." Nikaziba kisahani kwa maziwa ya unga, nikaosha, nikafuata kila hatua, nikatia maji ya rangi na kukaa nikingoja.

Kisahani kizima kikawa buluu. Vishimo vyote 96. Hata vile viwili vya pembeni ambavyo nilikusudia kutotia kingamwili ya kwanza kabisa.

Nikamwita mwalimu wangu wa maabara. Akainama, akatazama vile viwili vya pembeni kabla ya kutazama kingine chochote.

"Hivi ulivitia nini?"

"Sikutia ya kwanza, Mwalimu. Ya pili tu."

"Na nyuki wamekuja." Nilikuwa nimemsimulia hadithi ya babu. "Basi kuna mwiba humu usiouweka wewe. Uliziba kwa nini?"

"Maziwa."

"Ya nani?"

"Ya ng'ombe."

Akanyamaza akingoja nifike mwenyewe. Maziwa ya ng'ombe yana kingamwili za ng'ombe ndani yake. Ng'ombe na mbuzi ni watu wa ukoo wa karibu, na mikia ya kingamwili zao inafanana. Punda wangu alikuwa amefundishwa kumjua mbuzi, lakini akikutana na binamu wa mbuzi anamsalimia pia. Nilikuwa nimepaka kisahani kizima mikia bandia, kisha nikashangaa inashikwa.

Siku hiyo nilijifunza vile vishimo viwili vya pembeni ni vya nini. Kila kipimo kinavihitaji: kishimo kisicho na kingamwili ya kwanza, ambacho lazima kibaki cheupe. Kikiingiwa na rangi, vishimo vingine vyote havina la kukwambia, hata vikipendeza namna gani. Na nilijifunza kuuliza, kabla sijafungua chupa, swali ambalo wachungaji wa kwetu huuliza mbuzi mgeni akiingia kundini: huyu ni wa nani, na anafanana na nani?

Namalizia na mbuzi wa nyumbani. Kuna ugonjwa uitwao brusela. Mbuzi mwenye mimba huitupa, na mtu anayekunywa maziwa yake mabichi hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maungo kuuma, hata akadhaniwa ana malaria. Mganga wa mifugo akishuku, atashika shingo ya mbuzi, achukue damu kwenye bomba, aandike namba, na sampuli iende maabara. Elisa ikitumika, chini ya kishimo zimenata protini za bakteria wa brusela, na kingamwili ya kwanza ni ya mbuzi wenu mwenyewe. Sasa niambie: ya pili itatoka kwa mnyama gani, na itajua mkia wa nani?

Haiwezi kutoka kwa mbuzi. Itatoka kwa sungura labda, au kwa punda. Jioni ukikutana na punda akipanda kutoka mtoni na mitungi yake minne ya maji, mpishe apite. Nilimwambia hivyo binti wa dada yangu, akamtazama punda kwa muda mrefu, kisha akatazama mbuzi waliokuwa wakirudi zizini.

"Punda anamjua mbuzi," akasema.

"Akifundishwa."

"Na brusela je?"

"Haijui kabisa."

Akacheka, akakimbia kufungulia mbuzi lango.